Mwalimu Aliyetuogopea

Mwalimu aliogopa mbwa, radi, ngazi, maji yanayopita magoti, jiko la gesi, na zile chaja za simu zinazouzwa stendi zikiwa zimefungwa kwa mpira. Hizo ni hofu nilizozishuhudia mwenyewe. Wanafunzi wake walikuwa na nyingine nyingi za kusimulia, nusu yake za kutunga, lakini hakuna aliyezibishia, maana kwa Mwalimu lolote liliwezekana. Wingu likijikunja tu upande wa pwani, yeye ameshapita kila chumba cha shule akichomoa vilivyochomekwa. Siku moja alichomoa feni ya ofisi ya mkuu wa shule, na mkuu mwenyewe amekaa chini yake anakula embe.

Ukimwambia anaogopa, anakuwa mkali. "Siogopi," anasema. "Natahadhari." Na analisema hilo akiwa amejibanza nyuma ya mlango kwa sababu kuna mbwa amelala uani.

Sitasimulia alizaliwa wapi wala ni mtoto wa nani. Watu wazima wa Miono wanayajua hayo kuliko mimi. Mimi alinifundisha fizikia kidato cha pili, nikatoka bila kuielewa, nikaenda kujifunza cherehani. Nilimjua hasa baadaye, nilipokuwa na kibanda changu cha kushona kilichotazamana na zahanati, na binti yangu Zuhura akiwa na ugonjwa wa sukari.

Hili la Zuhura nalisema mapema, ili ieleweke kwa nini fundi cherehani aliingia kwenye mambo ya nyaya na mafaili. Alianguka akiwa darasa la kwanza, akiwa amekonda na kukojoa usiku kucha, na sisi tukidhani ni minyoo. Hospitalini walituambia mwili wake hautengenezi insulini, ataishi kwa sindano kila siku ya Mungu. Chupa inayotumika unaweza kuiweka nyumbani ndani ya chungu chenye maji, lakini za akiba lazima zikae kwenye friji, na mimi friji sina. Zahanati inayo, inatumia umeme wa sola, na nesi alinipa kona ya kuziweka.

Nesi huyohuyo ndiye aliyenieleza jambo ambalo mpaka leo linaninyima usingizi. Dawa ile ikipata joto inaharibika. Ikiganda inaharibika vilevile. Na dawa iliyoharibika na dawa nzima kwa macho huwezi kuzijua, zote ni maji maangavu ndani ya chupa. Utamchoma mwanao, utampa pole, utamfuta machozi, kumbe hujampa kitu. Tangu siku ile sijawahi kuufungua mlango wa friji ile bila kuogopa.

Mwalimu aliyasikia hayo kibandani kwangu, alipoleta suruali kupunguzwa. Wengine nikiwasimulia walikuwa wanasema Mungu atasaidia, wanabadilisha mazungumzo. Yeye aliuliza swali moja tu.

"Zahanati ikifungwa, nani anaiangalia hiyo friji?"

"Hakuna, Mwalimu."

Alibadilika uso kabisa. Aliiacha suruali mezani, akaondoka bila kuaga, na mtu yule alikuwa haachi kuaga hata akitoka chooni.

Aliporudi, siku nyingi baadaye, alikuwa na kidude. Ndivyo tulivyokiita. Ni kompyuta nzima iliyokaa juu ya kibao kimoja kinachoenea kiganjani, haina kioo wala vitufe, ilibaki shuleni kutoka kwenye mradi fulani uliokwisha. Aliunga waya mwembamba unaoingia ndani ya friji kupima joto, akaunga king'ora kidogo juu ya mlango wa zahanati, akaweka na laini ya simu. Joto likipanda au likishuka kupita kiasi, king'ora kinalia na ujumbe unaingia kwenye simu tatu, ya nesi, ya Mwalimu na yangu. Akili yote ya kidude ilikuwa kwenye memori kadi ndogo. Kadi ikiharibika, unapakua upya faili kubwa la mfumo kutoka mtandaoni, halafu unaliandika juu ya kadi nyingine. Mafundi wa simu wanaita kuflashi. Chochote kilichokuwamo ndani ya kadi hiyo kinafutika.

Na kadi zilikuwa zinaharibika, kwa sababu ya watu kuchaji simu. Soketi pale zahanati ilikuwa moja iliyo karibu na benchi la wagonjwa, na mgonjwa wa Miono akikuta soketi ina kitu asichokijua, anakichomoa kwa adabu, anachomeka simu yake, na akimaliza anakirudisha kwa adabu ileile. Kidude hakipendi kukatwa ghafla. Mwalimu aliandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi: USICHOMOE. Wakachomoa. Akaandika: USICHOMOE, NI DAWA YA MTOTO. Wakaona haya wiki mbili, wakachomoa. Akagombana na nesi, akagombana na mwenyekiti wa kijiji, mwisho akaacha kugombana, akaweka soketi ya pili, na juu yake akaandika: CHAJI HAPA. Hapo ndipo amani ilipopatikana. Aliniambia kwamba watu si wabaya, wanataka chaji tu, na kwamba angelijua hilo mapema asingepoteza sauti yake.

Alikuwa mtu wa kuudhi, niseme ukweli. Neno lake kubwa lilikuwa "ngoja". Unataka kumalizana na jambo, yeye ngoja. Faili limeshuka, ngoja. Programu imeandika kwa maandishi makubwa kwamba imemaliza, ngoja. "Usiliamini neno tayari," alikuwa akisema. "Anayesema tayari ni yule anayetaka kuondoka." Mimi nina wateja, nina nguo za harusi za watu, na mzee ananikalisha mkekani ananisomesha herufi.

Maana alikuwa na utaratibu wake ambao sijauona kwa mtu mwingine. Wanaotengeneza faili la mfumo huweka kando yake mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Ukishalipakua, kompyuta yako hulikokotoa faili ulilolipata na kutoa mfuatano wake. Ikifanana, faili limefika zima. Ikitofautiana, kuna kitu kimepotea njiani. Kompyuta inaweza kuilinganisha yenyewe kwa kufumba na kufumbua, na Mwalimu alilijua hilo vizuri. Hakulitaka. Alitaka tulinganishe kama tulivyosomeshwa Qurani chuoni utotoni, mmoja anasoma kwa sauti, mwenzake anafuata kwa kidole.

Basi tunakaa mkekani, yeye na laptopu yake, mimi na simu yenye mfuatano wa watengenezaji. "Soma," anasema. Ninasoma: a, saba, saba, f, sifuri. Nikikwama, au nikiirudia tarakimu moja, haniachi niendelee pale.

"Rudi mwanzo."

"Mwalimu, si nimekosea moja tu?"

"Ukianzia hapo umesahihisha kosa. Aliyekosea bado yupo. Rudi mwanzo."

Bibi mmoja aliyeleta kanga kupindwa alitukuta katikati ya kazi hiyo, akavua kandambili, akakaa, akainamisha kichwa. Tulipomaliza akaitikia amina. Mwalimu hakumsahihisha.

Kwa hofu zake zote, kulikuwa na mambo ambayo watu wengine hutetemeka nayo na yeye hayakumshtua hata kidogo. Makaburini alipita peke yake giza likiingia. Wachawi aliwacheka. Watoto wa shule walipokimbia bweni wakisema kuna jini, yeye alikwenda na tochi, akatafuta, akarudi akasema ameona popo na mabaki ya wali. "Jini halina waya," aliniambia, akimaanisha kwamba haliwezi kumuunguza. Na huyu aliyekuwa akinihubiria kila mara kuhusu chakula cha Zuhura alikuwa anapenda halua kupita kiasi, anaila amegeukia ukutani ili mtoto asimwone. Zuhura alikuwa anamwona. Alikuwa ananong'ona, "Mama, Mwalimu anakula tena," tunakaa kimya mpaka amalize.

Mimi mwenyewe sikuwa na ujasiri wa kumcheka sana. Nilikuwa nimeshagundua kwamba nikiwa naye hofu yangu inapungua. Haikwisha, ila ilipata mtu wa kushirikiana naye. Mtu anayekwambia usiwe na wasiwasi anakuacha na wasiwasi wako wote. Mwalimu hakuniambia hivyo hata mara moja. Alikuwa anakaa chini, anaogopa pamoja nami, kisha anauliza waya uko wapi.

Siku iliyonionyesha mtu yule kwa ukamilifu ilikuwa ya masika. Mvua ilikuwa imepiga siku kadhaa, barabara ya kutoka kijijini kwenda barabara kuu ilikuwa imekatika, na radi za alfajiri zilikuwa za kutisha. Kulipokucha nesi alinijia mbio. Kidude kimezimika, taa yake ya kijani haipepesi, na sola inapata nguvu na kupoteza kila wingu linapopita. Asubuhi hiyohiyo Zuhura alikuwa amemaliza chupa ya nyumbani. Sindano ya jioni ingetoka kwenye zile za friji, au isingetoka kokote.

Kipimajoto cha friji kiko ndani. Kila ukifungua mlango kukisoma unaingiza joto, na siku ile friji haikuwa na nguvu ya kulitoa. Nesi alitaka kufungua, nikamshika mkono. Nikakaa chini sakafuni mbele ya friji ile nimeikumbatia miguu, najua ndani yake kuna uhai wa mwanangu na siruhusiwi kutazama.

Mwalimu alikuja akiwa amevaa viatu vya mpira miguu yote miwili na mfuko wa nailoni kichwani. Laptopu yake ilikuwa imejaa chaji, maana kwa hofu zake hakuwahi kuiacha ipungue. Alijaribu kadi, haikusoma. "Imekufa," alisema. Faili la mfumo alilokuwa nalo lilikuwa la zamani, kidude hakilikubali tena, ikabidi lipakuliwe jipya. Mnara wa simu nao ulikuwa umelemewa na mvua. Chini hapakuwa na mtandao wowote. Tulizunguka na simu zimeinuliwa mpaka nesi alipokumbuka kwamba mafundi wa bomba hupiga simu wakiwa juu ya tangi la shule.

Tangi lile limekaa juu ya kichanja cha vyuma, na njia ya kuliendea ni ngazi iliyosimama wima. Mwalimu aliitazama ngazi. Nilimwambia nitapanda mimi. Akatikisa kichwa, akasema upepo utalichukua gauni langu na mimi humohumo, na isitoshe sijui kuliendeleza faili likikatika. Akatia simu kifuani, akasoma aliyoyasoma kimoyomoyo, akaanza kupanda. Mimi nikashika ngazi chini.

"Umeshika?"

"Nimeshika, Mwalimu."

Hatua nyingine.

"Umeshika?"

"Nimeshika."

Alikuwa anatetemeka mpaka ngazi ikawa inalia mikononi mwangu. Miye pia nilikuwa nalia, kwa sababu nilikuwa nafikiria mtu huyu akianguka nitakuwa nimemuua na dawa bado sijaipata. Alikaa juu kule muda mrefu amelikumbatia bomba, simu imeinuliwa juu ya kichwa, bando linakwenda. Aliposhuka, simu ilikuwa imeandika kwamba faili limekamilika. Tukakaa chini ya kichanja, akalihamishia kwenye laptopu. "Soma." Nikasoma herufi ya kwanza. "Hapana," akasema. Ya kwanza tu, na haikufanana.

Aliangalia ukubwa wake, akakuta ni fupi. Mtandao ulikatika karibu na mwisho, na simu ikatangaza ushindi. Alivuta pumzi, akaitazama ngazi tena, na nikaona midomo yake imekuwa myeupe. Akapanda mara ya pili. Safari hii aliliendeleza faili pale lilipokatikia, na aliposhuka tulisoma mfuatano mzima, mwanzo hadi mwisho, bila kurudi. Nilitaka kupiga kigelegele. "Ngoja," akasema.

Alikuwa na kadi ya akiba. Aliinunua stendi ya Chalinze kwa kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Kijana alimpa shikamoo kwa heshima, akaifuta kadi kwa shati lake, akaapa wallahi kwamba ni halisi. Sasa Mwalimu akaichomeka kwenye laptopu, akaandika faili, programu ikasema tayari. Akaiamuru isome tena ilichokiandika. Ikasoma, ikakwama, ikasema kilichoandikwa na kilichomo havifanani. Akarudia. Vilevile. Ndipo akaipima ile kadi yenyewe na kukuta ina nafasi ndogo sana kuliko ilivyojitangaza. Ilikuwa inapokea kila unachoipa, na kikizidi inakitupa kimyakimya.

Nilimuuliza kwa nini hakuipima siku alipoinunua, yeye anayepima hata chumvi.

"Aliapa," akasema. "Mtu ameshamtaja Mungu, nitoe laptopu pale stendi nianze kumpima mbele za watu? Niliona haya."

Hata mimi nisingepima. Hatupimi mtu aliyeapa, ndivyo tulivyolelewa. Lakini nilimwona ameinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza nilimwogopea yeye. "Nimeogopa kila kitu," akasema, "nikaona haya mahali palepale pa kuogopa."

Kadi nyingine ya kufaa ilikuwa moja tu pale zahanati, ndani ya simu ya nesi, na ilikuwa imejaa video za harusi ya dada yake. Nesi aliitoa mwenyewe, akasema futa, Mwalimu, mtoto kwanza. Jua lilikuwa limeshaanza kuegemea. Na huyu mtu, Mungu amsamehe, akasema lazima kwanza anakili harusi yote kwenye laptopu. Nilitaka kumpiga. Nilimwambia maneno ambayo mwanafunzi hamwambii mwalimu wake. Yeye alikuwa anaangalia mstari wa kunakili unavyokwenda kwenye kioo.

"Harusi ya mtu haifutwi hivihivi," akasema. "Na mkono unaofuta kwa haraka ndio unaofuta kisichotakiwa. Hapa nina kadi hii na diski yangu. Nikichagua vibaya nafuta laptopu, na faili lenyewe limo humo. Ngoja."

Kabla ya kubonyeza alinifanya nimsomee jina la kadi na ukubwa wake kama ilivyoonekana kwenye kioo. Kisha akabonyeza. Ikaandika, ikasoma ilichoandika, ikafanana. Akairudishia programu yake ya kupima joto kutoka laptopu, akaiweka kwenye kidude, akachomeka. Taa nyekundu. Tukasubiri, sote watatu tumeinama juu ya kibao kile. Taa ya kijani ikapepesa, ikatulia, ikapepesa tena.

"Ngapi?" nikauliza.

"Nyuzi saba," akasema, akisoma kwenye laptopu. "Iko ndani ya kiwango."

Nesi akamshukuru Mungu kwa sauti. Mimi nilitazama uso wa Mwalimu na haukuwa umelegea.

"Sasa hivi ni saba," akasema. "Tangu alfajiri kilipozimika mpaka sasa, sijui ilifika ngapi."

"Kwa hiyo nimchome au nisimchome?"

"Sijui, mwanangu."

Nimeshawahi kuambiwa mambo mengi mabaya, lakini neno lile liliyashinda yote. Nilitaka aniongopee. Nesi ndiye aliyetuonyesha njia: tupime sukari ya mtoto kwa tone la kidole, tumchome, tupime tena na tena, na ikishindwa kushuka tutamtafutia mtu wa kumvusha pale barabara ilipokatika, hata kwa mabega. Tukafanya hivyo. Mwalimu alikaa kwenye benchi la wagonjwa, na radi zilikuwa zimerudi, kila moja inampandisha mabega mpaka masikioni. Nilimwambia aende nyumbani. Hakwenda. Kipimo cha kwanza sukari iko juu. Cha pili iko juu. Zuhura akauliza kama anakufa, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kama kuna kiporo. Hakuna aliyemjibu. Cha tatu ikashuka kidogo, na cha nne ikashuka zaidi, na nesi akasema dawa inafanya kazi. Mwalimu aliinuka, akatoka nje, akatapika ukutani. Kisha akarudi kuaga.

Baada ya siku ile alinifundisha kazi yote. Kupakua, kukagua, kuandika, kusoma upya, kupima kadi hata kama muuzaji ni imamu. Fizikia iliyonishinda shuleni niliijulia kwenye mkeka wangu mwenyewe, kwa hofu, na nadhani hakuna mwalimu mwingine angeweza kunifundisha kwa njia hiyo. Alipostaafu alihamia Vigwaza, kwenye kiwanja cha mkewe, nyumba ya pili kutoka barabara kuu ya Morogoro. Nilishangaa achague kukaa karibu na malori namna ile. Aliniambia ni mkewe aliyechagua.

Tulipigiana simu mwanzoni. Kisha nikasikia ameugua, upande mmoja ulilegea na mdomo ukaenda kando, halafu akapata nafuu. Mkono ukarudi, mdomo ukarudi. Nilimshukuru Mungu, na nikachelewa kwenda kumjulia hali, kama tunavyochelewa wote.

Nilikwenda mwaka huu, Zuhura akiwa kidato cha pili, mrefu kunizidi. Kadi ya kidude ilikuwa imeanza kuchoka, inazimika na kuwaka yenyewe, na nilitaka kuibadilisha kabla ya masika. Kuflashi ningeweza mwenyewe. Nilichokitaka ni mtu wa kukaa upande wa pili wa mkeka. Nikapanda basi mpaka Chalinze, nikachukua jingine, nikashukia Vigwaza na kadi mpya tatu mkobani, zote nimeshazipima.

Alinipokea nje, amenenepa, uso umekunjuka, anacheka.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu, marahaba. Karibu. Zuhura hajambo?"

Alikumbuka jina, alikumbuka kila kitu. Palikuwa na mbwa wa jirani amejilaza kizingitini. Mwalimu alimruka bila kumtazama.

Alileta laptopu, akachomeka kadi moja, akaanza kuandika faili nililokuja nalo bila kuniuliza nimelitoa wapi. Mstari ulikuwa bado unakwenda alipoichomoa kadi kwa vidole viwili, akanipa.

"Tayari."

"Mwalimu, haijamaliza."

"Imemaliza."

"Hatusomi?"

"Tusome nini, mwanangu? Itakubali tu." Akanipigapiga begani, akaniambia nile halua.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Mwalimu alipoingia ndani kutafuta shati, mama yule alikuja akakaa karibu nami, akasema kwa sauti ya chini, "Umemwona? Tangu alipougua hana hofu hata moja. Juzi nimemkuta katikati ya barabara kuu amesimama, malori yanapita huku na huku, yeye anawapungia madereva mkono. Siku zote alikuwa akituogopea sote, na mie nilikuwa namcheka. Sasa naogopa peke yangu, na siwezi kuogopa kama alivyokuwa akiogopa yeye."

Nilimshika mkono.

Alisisitiza kunisindikiza kituoni, na kituo cha mabasi ya kurudi kiko ng'ambo. Mkewe alitufuata nyuma haraka, kanga inamvuka. Pale ukingoni mwa lami nilimshika Mwalimu mkono wa kulia, na nilimsikia akivuta kwenda mbele, kidogo tu, kwa furaha. Lori la kontena lilikuwa linateremka kutoka upande wa Chalinze.

"Twende," akasema. "Pako wazi."

"Ngoja, Mwalimu."

Lori likapita, upepo wake ukatupiga mchanga usoni. Hakupepesa macho. Alinigeukia, akaniona jinsi nilivyokuwa nimemkamata kwa mikono miwili, akacheka.

"Unaogopa nini, mwanangu?"

Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza hivyo, kwa sababu alikuwa anajua. Na mimi sikuwahi kulitamka, wala kwa nesi, wala kwa mama yangu, wala kwenye sala. Nikamwambia, "Naogopa Zuhura atakufa."

"Aa," akasema, "hatakufa."

Alilisema upesi na kwa ukarimu, huku macho yake yakifuata gari lingine. Neno lile ndilo nililokuwa nikilitaka kwake jioni ile ya masika pale zahanati, na siku nyingine zote baada yake. Sasa nimelipata, na halikunifaa kitu. Nililia palepale barabarani, na yeye akanifuta machozi kwa kiganja, hajui ananifutia nini.

Nikaukabidhi mkono wake kwa mkewe, nikahakikisha ameushika, nikavuka peke yangu. Kwenye basi niliitoa ile kadi aliyoiandika, nikaifunga kwenye ncha ya mtandio mbali na zile mbili, nisije nikaitumia kwa bahati mbaya.